Je, wajua? Timu iliyofunga pointi nyingi kuliko zote ndiyo iliyoshika mkia

Msimu wa 1990–91, Denver Nuggets waliongoza NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa kufunga: pointi 119.9 kwa kila mechi, na hakuna timu iliyowafikia. Msimu huohuo walishinda mechi 20 wakapoteza 62, rekodi mbaya kuliko ya timu nyingine yoyote kati ya timu 27 za ligi. Mtu atasema basi ulinzi ndio uliowaangusha, na ni kweli uliwaangusha. Ila kuna jambo la ajabu zaidi. Ushambulizi wao wenyewe, uleule uliofunga pointi nyingi kuliko wote, ulikuwa chini ya wastani wa ligi.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua miaka kuielewa, na kwa miaka hiyo nilikuwa nikiitetea timu yangu vibaya.

Timu yangu ni San Antonio Spurs, tangu fainali ya 2005. Mechi ya mwezi wa Juni inayoanza saa tatu usiku kwa saa za New York, hapa Lamu huanza saa kumi alfajiri. Mechi ya saba ya fainali ile, Spurs dhidi ya Detroit Pistons waliokuwa mabingwa watetezi, niliianza gizani nikaimaliza jua limeshachomoza upande wa Manda. Iliisha 81–74. Tim Duncan alifunga pointi 25, akachukua ribaundi 11 (mipira iliyotupwa ikakosa kikapu), akatajwa mchezaji bora wa fainali. Nilitoka barabarani nikiwa na furaha ya kutaka kumsimulia kila mtu, na wa kwanza niliyekutana naye akaniambia: "Pointi themanini na moja? Hiyo ni timu ya kulaza watu. Hawajui kufunga."

Maneno hayo nayasikia mpaka leo. Vijana waliozaliwa baada ya fainali ile wanaangalia jedwali, wanaona kwamba Spurs wa 2004–05 walifunga wastani wa pointi 96.2, wanalinganisha na timu za siku hizi zinazopita 110 bila shida, na hukumu imeshatoka. Kinachoniuma ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nikiwajibu hivi: "Kweli, kufunga si kazi yao, lakini wanajua kuzuia." Nilikuwa namtetea mshtakiwa kwa kukiri kosa kwa niaba yake. Nilikubali kwamba ushambulizi ule ulikuwa dhaifu, kwa sababu wastani wa ligi msimu ule ulikuwa pointi 97.2, na 96.2 iko chini ya 97.2. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Nani angebisha?

Hesabu ilikuwa sahihi. Swali ndilo lililokuwa bovu. Nilikuwa nauliza timu imefunga pointi ngapi, bila kuuliza imepewa nafasi ngapi za kufunga.

Aliyenifungua macho ni ami yangu, ambaye hafuatilii mpira wa kikapu hata kidogo. Yeye ni mtu wa bao, na alasiri nyingi utamkuta Mkunguni, mbele ya Ngome. Siku moja nilikaa hapo nikitazama meza mbili. Meza moja walikaa wazee wawili wazito wa kufikiri. Mmoja akishika kete unaweza kwenda kununua kahawa na kurudi kabla hajaamua. Meza ya pili walikaa wachezaji wa haraka, kete zinalia kama mvua juu ya bati. Hadi magharibi wazee walikuwa wamemaliza mabao mawili tu, na wale wa haraka matano. Nikasema kwamba wale wa haraka ni hodari zaidi, maana tazama kete walizokula. Ami akaniuliza: "Na waliocheza nao, hawakula?"

Hapo ndipo lilipo jambo lote, kwa hiyo niruhusu nilitembee polepole.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na linachezwa kwa zamu. Unashika kete, unasambaza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaendelea. Ikiangukia shimo tupu umelala, na zamu ni ya mwenzako. Mchezaji wa haraka hapati zamu nyingi kuliko mwenzake. Hawezi, kwa sababu kila akimaliza lazima mwenzake acheze. Haraka yake huongeza zamu za wote wawili. Jioni atahesabu kete alizokula na kuziona nyingi, lakini aliyekaa mbele yake naye amekula kwa zamu zilezile.

Mpira wa kikapu ni bao. Hauonekani hivyo kwa sababu watu kumi wanakimbia na jasho linawatoka, lakini ukiutazama kwa utulivu utaona zamu. Timu ina mpira. Zamu inaisha inapofunga, inapoupoteza mpira, au inapokosa na mpinzani akauchukua. Kisha mpinzani anacheza yake. Hata ribaundi ya ushambulizi ina mfano wake kwenye bao: umetupa, umekosa, lakini umeuchukua tena mwenyewe, yaani kete yako imeangukia shimo lenye kete, hujalala bado. Zamu ni ileile.

Niliwahi kujaribu kueleza hili kwa mfano wa boti za Mokowe. Boti moja inavuka mara kumi na abiria kumi na wawili kila safari, nyingine mara sita na abiria kumi na sita. Ya kwanza imevusha watu wengi zaidi, ya pili inajaza vizuri zaidi. Mfano huo unasaidia kuonyesha kwa nini tunagawanya. Lakini unaficha nusu ya ukweli, kwa sababu boti moja ikiongeza safari haimlazimishi nahodha wa pili aongeze zake. Kwenye kikapu inamlazimisha. Ndiyo maana bao ni mfano bora.

Sasa turudi Denver. Kocha wao, Paul Westhead, aliamini katika kukimbia na kutupa mapema, na timu ikawa inacheza karibu zamu 114 kwa mechi. Pointi 119.9 ukizigawa kwa zamu hizo unapata kama 105 kwa kila zamu 100. Wastani wa ligi msimu ule ulikuwa kama 108. Kwa hiyo kila Denver walipoushika mpira walikuwa wabaya kidogo kuliko timu ya kawaida. Waliushika mara nyingi tu. Na wapinzani wao waliushika mara nyingi vilevile, wakawafunga wastani wa pointi 130.8. Kila zamu Denver waliyojiongezea walimwongezea pia mtu aliyejua kuitumia kuliko wao.

Spurs wa 2004–05 walikuwa upande wa pili wa ubao huohuo. Zamu zao zilikuwa kama 89 kwa mechi, chini ya wastani wa ligi wa kama 91. Ukipima kwa zamu 100 walifunga karibu pointi 107 na nusu, na ligi ilikuwa kwenye 106. Juu ya wastani! Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea, nikairudia. Timu ambayo kwa miaka nilikuwa nakubali kwamba haijui kufunga ilikuwa ikifunga vizuri kuliko timu nyingi za ligi, ila kwa mwendo wa mzee wa Mkunguni.

Uadilifu unadai niupime na ulinzi wao kwa mizani hiyohiyo, maana timu ya polepole hufungwa pointi chache hata kama haizuii vizuri. Spurs walifungwa wastani wa 87.6 kwa mechi, chache kuliko timu yoyote msimu ule. Kwa zamu 100 walifungwa kama 99, na hapo pia walikuwa wa kwanza. Sifa ya ulinzi ilibaki pale pale.

Wala sisemi polepole ni bora kuliko haraka. Phoenix Suns wa Steve Nash, msimu uleule, walikimbia na kufunga 110.4 kwa mechi, na ukigawa kwa zamu bado walikuwa na ushambulizi bora kuliko wote. Walikuwa wazuri, na wa haraka, mambo mawili tofauti. Walipokutana na Spurs kwenye fainali ya Kanda ya Magharibi walipoteza 4–1, na mechi ya kwanza, iliyochezwa Phoenix kwenyewe, Spurs walishinda 121–114. Nimeitaja mechi hiyo barazani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku zamu zilipokuwa nyingi, na pointi zikawa nyingi.

Kuna mipaka ambayo mshabiki mwenzangu asiivuke. Zamu kwa kawaida hukadiriwa kutoka kwenye takwimu za mechi: unachukua mitupo iliyopigwa, unatoa ribaundi za ushambulizi, unajumlisha mipira iliyopotezwa, kisha unajumlisha mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, ukiizidisha kwa 0.44. Namba hiyo ya mwisho inakuja kwa sababu mitupo huru miwili kwa kawaida humaliza zamu moja, lakini ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuingia hauna zamu yake. Ni kadirio zuri, si hesabu ya mkono. Tena mechi moja haitoshi kuihukumu timu.

Na kulinganisha enzi kunahitaji uangalifu zaidi. Timu ya kawaida ya NBA msimu wa 2023–24 ilifunga kama 114 kwa mechi, pointi 17 zaidi ya 2004–05. Karibu nusu ya ongezeko hilo ni zamu tu, kutoka 91 hadi zaidi ya 98. Nusu nyingine ni ya kweli: kila zamu siku hizi inazaa zaidi, na mojawapo ya sababu ni kwamba mitupo ya pointi tatu imepanda kutoka kama 16 kwa mechi hadi 35. Kwa hiyo kijana akiniambia timu za leo zinafunga vizuri zaidi, ana haki, kwa nusu ya namba anayoitaja. Akiniambia Spurs hawakujua kufunga, hana.

Idadi ya zamu nayo ina historia. Mwaka 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19–18 kwa kuukumbatia mpira tu. Hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha watupe. Mwaka 1954 Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, alitoa dawa. Mechi ina sekunde 2,880, akasema, na mechi nzuri ina mitupo kama 120. Ukigawanya unapata 24. Ndiyo saa ya sekunde 24 tunayoiona mpaka leo, ambayo timu lazima itupe kabla haijaisha, na msimu wake wa kwanza wastani wa timu ulipanda kutoka pointi 79.5 hadi 93.1. Wachezaji hawakujifunza kutupa upya katika kiangazi kimoja.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mechi ya vijana wa mtaani nikiwa na vikombe viwili vya kahawa vitupu na mfuko wa komwe, kete za bao, niliouazima kwa ami. Kila zamu ikiisha natia komwe moja kwenye kikombe cha timu husika. Aliyekaa kando yangu, mmoja wa wale wanaosema Spurs ni usingizi, alidhani timu iliyoshinda kwa pointi 19 itakuwa imejaza kikombe zaidi. Mechi ilipoisha tulimwaga komwe juu ya saruji tukazihesabu pamoja. Za walioshinda zilikuwa 73, za walioshindwa 74. Akazihesabu tena peke yake.