Kilwa: dhahabu ya Sofala, msikiti na kiti cha sultani

Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa Kisiwani akitokea Mogadishu na Mombasa. Sultani aliyemkuta ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipotoka msikitini, fakiri wa Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi, akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa 10 wengine na mizigo 2 ya pembe za ndovu.

Kisa hiki husimuliwa kama mfano wa ukarimu, na kweli ni ukarimu. Lakini watumwa 20 ni watu 20, na walitoka mahali. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kuwa sultani alizoea kuvamia nchi ya bara, akateka ngawira, kisha akatenga sehemu ya tano itumike kama Qur'ani inavyoelekeza. Fungu la masharifu aliliweka katika hazina ya peke yake, na masharifu walisafiri kutoka Iraq na Hijazi kulifuata. Kila aliyeondoka na zawadi aliondoka na jina la Kilwa mdomoni, na jina hilo lilitamkwa katika bandari zilezile ambako wafanyabiashara walikuwa wakiamua waende wapi na mali zao. Anayetaka kuuelewa utawala wa Kilwa asitenganishe msikiti na forodha.

Mji haukuanzishwa na masultani. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick katika miaka ya 1960 ulionyesha kuwa watu waliishi kisiwani tangu karne ya 9 hivi, katika nyumba za miti na udongo, wakivua na kufua chuma. Tarihi ya Kilwa, yaani maandishi ya kale ya historia ya mji, inasema baadaye Ali bin al-Hasan kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Ukikubali au ukikataa masimulizi hayo, jambo moja ndani yake linaaminika: wenyeji wa Kilwa waliona si ajabu kwamba nguo zinaweza kununua nchi.

Maana nguo ndizo zilizovuta dhahabu. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kisha ikapanda Kilwa. Chombo kilichotoka Uarabuni au Gujarat kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kiliweza kufika Kilwa, kikauza na kununua, kikarudi na kusi, upepo wa kutoka kusini. Kuteremka hadi Sofala kulikuwa ni kujihatarisha kuukosa upepo wa kurudia. Kwa hiyo Kilwa ilikaa pale ambapo wageni walilazimika kuishia, na kutoka hapo kwenda kusini ilishika njia yenyewe.

Taarifa za Wareno za mwanzoni mwa karne ya 16 zinaonyesha ushuru ulivyokuwa. Mfanyabiashara alitoa mithkali 1 (kipimo cha uzito) ya dhahabu kwa kila nguo 500 ili aingie mjini, kabla sultani hajachukua sehemu yake kubwa ya mali. Akifika Sofala, alitoa nguo 1 katika kila 7. Akirudi Kilwa na dhahabu, alilipa mithkali 50 kwa kila 1,000. Mfumo wa namna hiyo unahitaji mlipaji aamini kwamba anayemtoza ni mtawala halali, na hapo ndipo dini ilipofanya kazi ambayo askari peke yao wasingeiweza.

Tazama sarafu ndogo za shaba za al-Hasan bin Sulaiman. Upande mmoja una jina lake, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na pande hizo mbili zimeandikwa kwa vina, zisomwe kama beti moja. Sarafu moja ya namna hiyo imepatikana Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe, mbali kabisa na bahari.

Majengo yanasema hivyohivyo. Msikiti Mkuu ulianza mdogo, karne ya 11 hadi 12. Mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ilipokuwa nyingi, uliongezwa kwa upande wa kusini, ukapewa makuba na matao ya mawe ya matumbawe na chokaa. Wakati huohuo ikajengwa Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea la pembe 8, juu ya mwamba unaotazama bahari. Husuni Kubwa haikukaliwa muda mrefu. Msikiti nao uliporomoka, ukasubiri hadi karne ya 15 ndipo ukajengwa upya, enzi ya Sultani Sulaiman bin Muhammad.

Ibn Battuta anagusia pia yaliyofuata. Al-Hasan alipofariki, ndugu yake Daud alishika nchi. Mwombaji akija, Daud alimjibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakingoja, wakapewa kidogo, hata wakaacha kuja.

Wareno walipofika, madaraka yalikuwa mikononi mwa Amiri Ibrahim, mtu asiye wa ukoo wa masultani. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha kulipa kodi ya dhahabu, na Lisbon wakaifua kuwa chombo cha ibada kinachoitwa Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora. Mwaka huohuo Wareno walijenga ngome Sofala. Wakaondoka Kilwa mwaka 1512, kwa kuwa dhahabu iliyowaleta haikuwa ikipita tena hapo.

Magofu haya, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na mashua za kuvuka hupatikana Kilwa Masoko. Ukienda Husuni Kubwa, usiishie kwenye birika. Mwombe mwongozaji akupeleke kwenye ua mkubwa wa kusini, wenye safu za vyumba vilivyotumika kama maghala ya bidhaa, ndani ya kuta za kasri lenyewe.