Mtoto akikuletea simu ana jambo, usianze kwa kumpokonya

Tukienda mashuleni kutoa elimu ya usalama mtandaoni huwa tunaanza na swali jepesi tu, ukitumiwa meseji ya ajabu na mtu usiyemjua utamwambia nani? Mikono inanyooka fasta, mama, mwalimu, dada. Tunauliza la pili, nani ashatumiwa na akasema kweli? Kimya. Siku moja binti wa darasa la sita akajibu kwa sauti ndogo, "nikisema si mama atanipokonya simu". Yaani slaidi zote tulizoandaa wiki nzima, mtoto kamaliza kwa sentensi moja.

Ndo tatizo lenyewe hilo. Mzazi anadhani akipiga marufuku kamlinda mtoto, kumbe kamfundisha kuficha, ataenda kuchezea simu ya jirani au ya dada wa kazi na huko hakuna anayemwangalia. Kwahiyo kabla hujauliza apu gani ya kuweka, kaa na mwanao mkubaliane, ukija kuniambia sikupigi na simu sichukui. Halafu utimize, hata siku atakayokuletea kitu kinachokuchefua roho.

Tuje kwenye simu yenyewe. Nyumba nyingi simu janja ni moja, ya mama, ndani yake kuna pesa za mtandao, kuna grupu la kikoba na kuna TikTok ya mtoto. Sasa TikTok umri wa kuanza ni miaka 13, na akaunti ya mtoto wa miaka 13 mpaka 15 inakuwa ya faragha toka mwanzo, tena haipokei meseji za inboksi mpaka afikishe 16. Vizuri kabisa, ila akaunti anayotumia mwanao ilifunguliwa kwa mwaka wa kuzaliwa wa nani? Wa mama! Huko wanamuona mtu mzima wa miaka 36 na kila mlango uko wazi. Angalia leo, ukikuta hivo mfungulie yake yenye umri wa kweli uiunganishe na yako kwa Family Pairing, kipengele cha TikTok cha mzazi kusimamia akaunti ya mtoto, na kama hajafika 13 basi bado muda wake, mwekee YouTube Kids atulie.

Wa kiume wengi wao shida iko kwenye magemu. Anacheza Free Fire, anatokea mtu anamwambia nakupa daimondi za bure (ndo pesa ya humo kwenye gemu) nitumie tu hizo namba sita zilizoingia kwenye meseji. Mtoto anatuma, na zile ni namba za kuhamisha WhatsApp ya mama, nusu saa baadae ndugu wote wanaombwa hela kwa jina la mama. Mfundishe kwamba namba zinazoingia kwa meseji hapewi mtu, hata ajiite nani, na wewe PIN yako ya pesa usimtume mtoto akubonyezee.

Kubwa kuliko yote ni picha. Kuna watu wanajifanya wenzao kiumri, wanaomba picha kidogo kidogo, mwisho wanapata ya utupu halafu vitisho, tuma hela au tuma nyingine la sivo naisambaza. Likikufika, usilipe na usifute meseji, piga skrinishoti za namba, jina la akaunti na maneno ya vitisho ndo umbloku. Ila ile picha yenyewe usimforwadie mtu yeyote, sio mwalimu sio shangazi sio grupu la wazazi "ili watahadhari", kusambaza picha za hivyo za mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ya Tanzania hata kama nia yako ilikuwa njema. Nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kuna pia huduma ya Take It Down ya NCMEC, shirika la Marekani la kulinda watoto, nayo bure, inatengeneza alama ya siri ya picha hukohuko kwenye simu yako bila picha kutoka, mitandao iliyojiunga inaitumia ile alama kuizuia isipandishwe.

Walimu nao, naomba msigeuze somo hili kuwa orodha ya makatazo ubaoni. Chukueni vitu vyao wenyewe. Shule moja tulikuta sura ya mtoto aliyelala darasani imefanywa stika ya WhatsApp, imezunguka mpaka madarasa mengine, na yeye hataki tena kuja shule. Mwalimu hakuchapa mtu. Aliuliza darasa zima, nani anataka sura yake iwe stika wiki hii? Hakuna. Basi wakakaa wakatunga utaratibu wao, picha ya mwenzio unaomba kwanza, akikataa unafuta mbele yake.

Tulipowasimulia wazazi kwenye kikao walipiga makofi sana, halafu baba mmoja akanyoosha mkono, anauliza je yeye anayemposti mwanae kila asubuhi getini na yunifomu yenye jina la shule, alimuomba? Watu wakacheka. Yeye hakucheka, alishatoa simu anafuta.