Asilimia 93 Isiyokamata Kasoro Hata Moja

Mwaka wa 2008, hazina ya data ya Chuo Kikuu cha California, Irvine, ilipokea na kuweka wazi kumbukumbu za kiwanda kimoja cha chipu, vile vipande vidogo vya elektroniki vilivyo ndani ya simu na kompyuta. Ni mistari 1,567. Kila mstari una vipimo vipatavyo 590 vilivyosomwa na vihisi wakati bidhaa ikitengenezwa, kisha matokeo ya ukaguzi: imefaulu au imefeli. Zilizofeli ni 104.

Sasa chukua mfumo usiojua lolote, ambao kila ukiulizwa hujibu "nzima". Kwa kumbukumbu hizo utapatia mara 1,463, yaani zaidi ya asilimia 93, na hautakuwa umekamata kasoro hata moja.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu muuzaji wa mfumo wa akili unde wa kutabiri kasoro akibisha hodi kiwandani hapa Mombasa, iwe Changamwe au Miritini, karatasi yake haikosi asilimia ya kutisha. Mwenye kiwanda asiishangae. Aulize mawili: katika kila mbovu mia, mfumo wako unakamata ngapi? Na katika kengele unazopiga, ngapi ni za bure? Asiyeweza kujibu hayo hajaupima mfumo anaouza.

Kutabiri kasoro kwenyewe si jambo geni. Walter Shewhart wa Marekani alichora chati yake ya kudhibiti ubora mwaka wa 1924: unapima kitu kimoja, unaweka mpaka wa juu na wa chini, kipimo kikivuka unasimamisha mashine. Viwanda vingi bado hufanya hivyo, na inafaa. Tatizo huja pale joto liko ndani ya mipaka, shinikizo liko ndani ya mipaka, kasi vilevile, lakini vitatu hivyo vikikutana kwa namna fulani bidhaa inaharibika. Binadamu hawezi kutazama vipimo 590 kwa pamoja akaona mkutano huo. Mashine iliyofunzwa kwa mifano ya nyuma inaweza. Kwenye chipu faida yake ni kubwa, maana sahani moja ya silikoni, ambayo mwishoni hukatwa kuwa chipu, yenye kipenyo cha milimita 300 hupitia mamia ya hatua kwa wiki nyingi. Ikiharibika mapema na isijulikane hadi mwisho, kazi yote ya katikati imekwenda na maji.

Hapa Mombasa hatutengenezi chipu. Lakini kuzipachika kwenye bodi za saketi, za taa za sola au za mita, ni kazi inayoweza kufanyika popote penye mashine na mafundi, na hewa ya Pwani ina neno lake katika kazi hiyo. Gamba la plastiki la chipu hunyonya unyevu. Bodi ikiingia kwenye tanuri la kuyeyusha solda (madini yanayoishikisha chipu kwenye bodi), ambako joto hupanda hadi nyuzi 240 na zaidi, unyevu ule hugeuka mvuke ghafla na gamba hupasuka kama bisi. Mara nyingine ufa hubaki ndani, jicho halioni. Bodi hupita ukaguzi, hufungwa, huuzwa, kisha hufia nyumbani kwa mteja miezi kadhaa baadaye.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa huweka muda. Kwa chipu za kundi moja linalotumika sana, pakiti ikishafunguliwa una saa 168 za kuzitumia, na hapo hewa isizidi nyuzi 30 za joto na asilimia 60 za unyevu. Hewa yetu kwa kawaida huipita hiyo asilimia 60. Chumba kikitegemea kiyoyozi na stima ikapotea usiku, saa zile si 168 tena. Hapa ndipo mfumo wa kutabiri hustahili pesa zake: kuunganisha saa pakiti ilipofunguliwa, unyevu wa chumba saa baada ya saa, na mwenendo wa tanuri, kisha kusema bodi hizi zitengwe zikaguliwe kwa eksirei.

Lakini modeli, yaani huo mfumo wa kutabiri, ikiwa imefunzwa Januari na Februari, kaskazi ikivuma, haijui masika. Mvua za Aprili zikianza, inaletewa hewa ambayo haijawahi kuiona, nayo itaendelea kujibu bila kusita. Kwa hiyo ifunzwe upya kila mara, na ipimwe kwa miezi inayofuata ile iliyofundishiwa. Wengi huchanganya data yote kama karata na kuigawa, sehemu ya mafunzo na sehemu ya mtihani; matokeo hupendeza, ila ni ya uongo. Mwaka wa 2016 kampuni ya Bosch ilitoa shindano la kutabiri kasoro, lenye rekodi za vipuri zaidi ya milioni moja, ambapo takriban sita tu katika kila elfu vilikuwa vibovu. Washindani walibaini kwamba mfuatano wa vipuri ulisaidia sana kutabiri, kwani kasoro huandamana. Ukiwaweka majirani wa bechi moja, huyu kwenye mafunzo na yule kwenye mtihani, umempa mwanafunzi majibu usiku wa kuamkia mtihani.

Kinachokosekana mara nyingi ni kumbukumbu za bidhaa mbovu. Kibovu hutupwa, au hurekebishwa kimyakimya ili kiongozi wa zamu asifokewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na modeli isiyoonyeshwa vibovu haina cha kujifunza. Kabla ya kununua chochote, andikeni: nambari ya bidhaa, saa, mashine, na aina ya kasoro. "Mbovu" peke yake haitoshi. Ufa si sawa na solda iliyogusanisha miguu miwili ya chipu. Anayeripoti kasoro asiadhibiwe. Na kamera zikiwanasa wafanyakazi, kumbukeni kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Kwangu mimi, mfumo wa kukagua bodi ukigeuzwa wa kuwachunga watu, data yake itaharibika haraka, kwa sababu watu watajifunza kuukwepa.

Mkifika mahali pa kujaribu, mfumo uendeshwe kando kwa mwaka mzima, kaskazi na kusi, ukiandika utabiri wake bila kusimamisha chochote, huku wakaguzi wakifanya kazi yao kama kawaida na bila kuuona. Mwisho wa mwaka linganisheni daftari mbili hizo, pamoja na bidhaa zilizorudishwa na wateja. Muuzaji akisema hawezi kungoja muda huo, mwacheni aende.