Sikio moja limeziba ghafla: maswali ninayoulizwa kila wiki kliniki

Ubongo unajuaje sauti inatoka wapi?
Unalinganisha masikio mawili. Honi ikipigwa kuliani kwako, inafika sikio la kulia mapema kidogo na kwa nguvu zaidi, maana kichwa chenyewe kinalikinga la kushoto. Tofauti hiyo ya muda haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo unaikamata.

Sikio moja likifa?
Unasikia, ila hujui ni wapi. Nikimwita mgonjwa kutoka upande mbovu, anageukia upande mzima, anatazama ukuta. Barabarani ndiko ninakoogopa: bodaboda inakuja upande mbovu, yeye anaisikia upande mzima, anaikimbia na kujitupa mbele yake.

Jana nilisikia vizuri, leo nimeamka limeziba. Si nta tu, dokta?
Huenda ni nta. Huenda pia neva ya sikio, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo, imeathirika, na hiyo ni dharura. Ukiwa nyumbani huwezi kutofautisha. Sisi tunachungulia kwa taa, kisha tunagonga uma wa chuma unaovuma na kuuweka katikati ya paji la uso. Mvumo ukisikika zaidi upande mzima, tunahofia neva.

Nikisubiri lizibuke lenyewe?
Usisubiri. Dawa, kwa kawaida steroidi, husaidia zaidi zikianzwa siku za mwanzo. Wiki 2 zikipita, matumaini yamepungua sana. Wengi wananijia mwezi umekwisha, na neno lao ni moja: “La pili lilikuwa linasikia.” La pili kusikia si sababu ya kukaa nyumbani!

Lakini haliumi.
Hata kama haliumi. Neva ikiathirika, mara nyingi mtu hasikii maumivu yoyote. Anasikia mlio, au kama amejaa maji sikioni. Njoo siku hiyo hiyo.

Nianze na mafuta ya moto ya kitunguu saumu?
Hapana, tafadhali. Yanaunguza, hayafiki kwenye neva, na yanakupotezea siku ambazo dawa ingefanya kazi. Vijiti vya pamba navyo viacheni, vinashindilia nta ndani.

Na nikiwa na kizunguzungu pia?
Kizunguzungu kikali, mdomo kupinda au mkono kulegea: usingoje siku ya kliniki ya masikio. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.