Ndugu yako akisikia sauti, zungumza naye na umlete mapema

Kila Oktoba 10 ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, na bado sisi wa hospitali tunapokea wagonjwa waliofungwa kamba mikono na miguu, wengine wana alama za fimbo mgongoni. Familia hueleza kwamba amechanganyikiwa ghafla. Ukiwahoji taratibu, unaambiwa alianza kuongea peke yake tangu wakati wa kupanda, na sasa watu wanavuna.

Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwake yeye ni halisi kama yako unapomwita aje kula. Ukimwambia "acha kujifanya", atanyamaza, nasi tutakosa taarifa tunayoihitaji kuliko zote: zinamwambia nini? Muulize kwa upole. Mwambie, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutesa. Zinasemaje?" Usizikubali, wala usibishane naye. Zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, ondoa panga na sumu za shambani, asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Tunapima kwanza kwa sababu chanzo si kimoja. Malaria kali, bangi, kuacha pombe ghafla, kifafa na sonona kali vyote vinaweza kuleta sauti. Mfiwa anaweza kusikia marehemu akimwita, hali ikapita yenyewe. Lakini mama aliyejifungua karibuni akianza kusikia sauti, hiyo ni dharura. Kwa wanaosema ni mashetani au amerogwa, tumeshasema mara nyingi: hatumkatazi mtu kuombewa wala kusomewa dua. Tunachokataa ni kumwachisha dawa ili maombi yafanye kazi.

Utaratibu ni huu. Anzia zahanati au kituo cha afya, utapewa barua ya rufaa ikihitajika. Si lazima kukimbilia Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, moja kwa moja. Aje na mtu anayeishi naye, si jirani mwenye gari tu. Leteni daftari la matibabu na dawa zote alizotumia, za kienyeji zikiwemo. Asiye na uwezo wa kulipa amwone Ofisa Ustawi wa Jamii kabla ya kuondoka, asiamue mwenyewe kurudi nyumbani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtambua mgonjwa anayekuja kwa hiari na anayeletwa pasipo hiari. Huyu wa pili hazuiliwi wodini kwa matakwa ya familia. Mahakama nayo ina nafasi yake.

Mgonjwa mwenye majeraha ya kipigo atatibiwa, na fomu ya polisi, PF3, itahitajika. Kumjeruhi mtu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 241 kinataja kifungo cha hadi miaka 5. "Tulikuwa tunamtuliza" si utetezi.

Dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri. Wengi huiacha sauti zikinyamaza, kwa kuwa "amepona", kisha wanarudi wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Wapo pia wanaoacha kwa sababu shingo imekakamaa, mate yanawatoka au mikono inatetemeka. Hayo ni maudhi ya dawa, yana tiba, na kipimo kinaweza kubadilishwa. Rudini kliniki mkaseme, hata kama tarehe yenu haijafika.