Panama: meli inapanda mlima kwa maji ya mvua

Mimi nafundisha mambo ya usafiri wa majini na kila mwaka lazima mwanafunzi aulize, kwa nini kwenye mfereji wa Panama, ule unaounganisha Atlantiki na Pasifiki, hawakuchimba tu mpaka bahari mbili zikutane, meli zikapita moja kwa moja kama mfereji wa Suez kule Misri? Walijaribu jamani. De Lesseps, Mfaransa yuleyule aliyesimamia uchimbaji wa Suez, alianza 1881, akakutana na milima, mvua inayoporomosha udongo kila wakichimba, na mbu. Inakadiriwa watu 20,000 walikufa, wengi kwa malaria na homa ya manjano, kampuni ikafilisika 1889.

Wamarekani wakaingia 1904, wakapambana na mbu kwanza, halafu wakaamua kama mlima haushuki basi meli ndo ipande. Wakauziba mto Chagres, likatokea ziwa Gatun, mita 26 juu ya bahari, na mfereji ukafunguliwa Agosti 1914.

Sasa inapandaje? Meli ikitokea Atlantiki inaingia kwenye chumba cha zege, geti linafungwa nyuma yake, maji ya ziwani yanaachiwa yanateremka yenyewe, hakuna pampu, meli inainuka polepole kama kopo ndani ya pipa linalokinga mvua, vyumba vitatu hivyo mpaka ziwani. Vyumba vya zamani, vile vya 1914, vina upana wa mita 33.5 na meli kubwa zinazoingia humo zina 32.3, yani ubavu na ukuta vimeachana sentimita 60 tu, ndo maana pembeni kuna vichwa vya treni, wenyewe wanaviita nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi, si wa porini), vinaishika kwa nyaya isigonge. Nahodha hapo hana amri, anayeongoza ni rubani wa mfereji (mkisikia rubani mnawaza ndege, neno la baharini hilo).

Ila kila meli ikimaliza kushuka upande wa pili, lita kama milioni 200 za maji baridi (yasiyo na chumvi) zimeshaenda baharini, na ziwa hilohilo ndo linanywesha jiji la Panama na Colón. Ukame wa 2023 ukalishusha ziwa, meli zikapunguzwa kutoka 36 hivi kwa siku hadi 24, foleni ikawa balaa, nafasi zikapigwa mnada. Novemba mwaka huo kuna waliolipa karibu dola milioni 4 waruke foleni tu, ushuru wa kupita bado! Tofauti na hao, mwaka 1928 Mmarekani mmoja, Richard Halliburton, alipita kwa kuogelea, wakamkadiria kwa uzito wake kama meli, akalipa senti 36.