Umeme wa msuli na nguvu ya msuli ni vitu viwili

"Zoezi hili linaamsha msuli wa paja kwa asilimia 90, kwa hiyo ndilo linalojenga zaidi." Kauli za namna hii zimezagaa kwenye video za mazoezi, na mara nyingi ushahidi unaotolewa ni mchoro wa elektromiografia, yaani kipimo cha umeme wa msuli. Kipimo hicho ni kizuri mno, ndiyo maana inauma kukiona kikisingiziwa mambo kisiyoyapima.

Msuli huamshwa hivi: seli ya neva iliyo kwenye uti wa mgongo hutuma ishara, kemikali iitwayo asetilikolini humwagika pale neva inapokutana na msuli, utando wa nyuzi za msuli hupatwa na mshtuko wa umeme, kalisi huachiliwa ndani, nyuzi zinajikunja. Neva moja huamuru nyuzi chache tu kwenye misuli ya jicho, lakini kwenye shavu la mguu huweza kuamuru zaidi ya elfu moja. Nguvu ikihitajika zaidi, neva nyingine huitwa kazini, ndogo zikitangulia, na zote huongeza kasi ya kutuma ishara.

Katika mlolongo wote huo, elektromiografia hunasa hatua moja: ule mshtuko wa umeme. Elektrodi, vipande vya kunasa umeme vilivyobandikwa kwenye ngozi, hupokea jumla ya mishtuko iliyo karibu nazo, ambayo kwa kawaida haizidi milivolti chache. Kuvuta kwenyewe kwa msuli huja baadaye kidogo, na elektrodi hazikuoni.

Shika uzito mkononi, kunja kiwiko, kisha uushushe taratibu. Wakati wa kushusha, ishara inayonaswa na elektrodi huwa ndogo kuliko wakati wa kupandisha, ingawa uzito ni uleule. Sasa ushikilie palepale mpaka mkono uanze kutetemeka. Ishara itazidi kupanda, na uzito haujaongezeka hata gramu moja! Msuli umechoka, basi mwili unaita nyuzi nyingi zaidi kwa kazi ileile. Anayesoma mstari wa ishara hiyo kwenye mchoro kama nguvu ataona msuli unaimarika wakati ndiyo kwanza unaishiwa.

Na hiyo asilimia 90, ni ya nini? Kwa kawaida ni ya ishara iliyopatikana mtu huyo alipokaza msuli huo kwa uwezo wake wote, elektrodi zikiwa palepale. Zisogeze kidogo, namba inabadilika. Mafuta chini ya ngozi hupunguza ishara, na msuli jirani huingiza yake. Kwa hiyo milivolti zangu na zako hazituambii nani ana nguvu zaidi.

Kauli ile ingetosha ikisema: kwa mtu huyu, kwa uzito huu, ishara ya paja ilikuwa kubwa katika zoezi hili kuliko katika lile. Anayetaka kujua nguvu atumie dainamomita. Anayetaka kujua kama msuli umekua, aupime unene kwa altrasaundi kabla ya kuanza mazoezi, na tena baada ya wiki kadhaa.